Intaneti Ukiwa Nje ya Nchi: Mambo ya Kupanga Kabla ya Kuvuka Mpaka

Msafiri anayetoka Tanzania huondoka na simu yake akiamini kwamba laini iliyomo itaendelea kufanya kazi kama kawaida. Mara nyingi huwa hivyo. Ashukapo Dubai au Johannesburg, simu hutafuta mtandao, huupata, na ujumbe wa makaribisho huingia. Kilichobadilika hakionekani kwenye kioo cha simu: kuanzia dakika hiyo anahudumiwa na kampuni ya nchi nyingine, kwa bei ambayo si ile aliyoizoea. Huduma hii huitwa romingi. Katika somo hili tunaeleza inavyofanya kazi, mahali ambapo fedha hupotelea, na maamuzi ambayo mtumiaji anapaswa kuyafanya akiwa bado nyumbani.

Kwa nini bei hubadilika

Laini yako imesajiliwa kwa mtoa huduma wa hapa nchini. Ukifika ugenini, mtandao wa huko hutambua kwamba laini hiyo ni mgeni, kisha huuliza mtandao wako wa nyumbani iwapo unaruhusiwa kuhudumiwa. Kampuni hizo mbili zikiwa na makubaliano, unaunganishwa. Mtandao wa ugenini humtoza mtoa huduma wako, naye hukutoza wewe. Kwa kuwa kila jozi ya kampuni ina mapatano yake, laini ileile huweza kuwa na bei ya kuvumilika katika nchi moja na bei ya kutisha katika nchi ya pili. Hata ndani ya nchi moja, bei huweza kutegemea ni mtandao upi simu imejishikiza.

Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel iliwaruhusu wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania kutumia laini zao katika nchi hizo tatu bila gharama za romingi, jambo lililokuwa geni duniani wakati huo. Miaka minane baadaye baadhi ya nchi za Jumuiya, zikiwamo Kenya, Uganda na Rwanda, zilianza kutekeleza mpango wa eneo moja la mtandao. Hata hivyo, mpango huo ulianza na simu za sauti. Nafuu ya kupiga na kupokea simu haimaanishi kwamba data nayo imeshuka bei, na anayesafiri anapaswa kuuliza bei hizo mbili kila moja peke yake.

Wapo pia wanaosikia kwamba barani Ulaya romingi haitozwi. Ni kweli kwamba tangu tarehe 15 Juni 2017 mwenye laini ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya huitumia katika nchi nyingine za Umoja huo kwa bei ya kwao. Kanuni hiyo inalihusu soko lao. Mwenye laini ya Tanzania haimgusi. Ukinunua laini Ujerumani, itakufaa Ufaransa. Kwa Uingereza, iliyokwisha kutoka katika Umoja huo, muulize kwanza anayekuuzia.

Simu hutumia data bila kuguswa

Malalamiko mengi ya romingi huanza kwa kauli moja: "Sikutumia intaneti kabisa." Mara nyingi mlalamikaji anasema ukweli kadiri anavyoujua. Hakufungua chochote, simu ndiyo iliyofungua. Programu hujisasisha, picha hupandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, barua pepe huvutwa, na video za makundi ya WhatsApp hujipakua zenyewe.

Tuchukue namba za mfano tu. Ikiwa megabaiti moja inatozwa shilingi 1,000, na simu ikapandisha picha ishirini zenye megabaiti 3 kila moja, zimekwenda shilingi 60,000 kabla msafiri hajachukua begi lake. Mwenye laini ya malipo ya kabla husalia bila salio. Mwenye laini ya malipo ya baada yuko katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu hakuna salio la kumwishia, na taarifa za matumizi kutoka mtandao wa ugenini huweza kuchelewa kumfikia mtoa huduma wake.

Kwa hiyo, kabla ya kuondoka, ingia kwenye mipangilio ya simu uzime data ya romingi, uzime masasisho ya programu, na uizuie WhatsApp kujipakulia picha na video. Kifurushi cha ndani ulichonunua juzi usikitegemee: kwa kawaida hakivuki mpaka, hata kama siku zake hazijaisha.

Wakazi wa Namanga, Sirari, Mutukula na Tunduma wanaweza kukumbwa na haya bila hata kusafiri, kwa kuwa mawimbi hayafuati mpaka na simu hupokea mtandao wenye nguvu zaidi, hata ukiwa wa jirani. Kwao tunashauri kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu ijichagulie. Melini na ndegeni kuna mitandao ya setilaiti, ambayo mara nyingi haimo katika vifurushi vya romingi. Ni salama zaidi kuizima kabisa.

Njia ipi ichaguliwe

Kwa safari ya siku mbili au tatu, kifurushi cha romingi kutoka kwa mtoa huduma wako huwa hakina usumbufu. Kinunue kabla ya kuondoka, na uulize mambo matatu: kinatumika nchi zipi, kupitia mtandao gani, na kikiisha nini kinafuata. Swali la tatu ndilo husahaulika, nalo ndilo ghali. Kuna huduma zinazokata data kifurushi kinapoisha, na kuna zinazoendelea kutoza kwa bei ya kawaida.

Kwa anayekaa wiki mbili au zaidi, laini ya nchi husika huwa nafuu. Inunue katika duka la kampuni, kwa pasipoti yako. Laini ya barabarani iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine huweza kufungwa wakati wowote, na hutajua ilitumika kwa lipi kabla yako. Wenye simu zinazokubali eSIM, yaani laini isiyo na kadi, wanaweza kulipia data wakiwa hapa nchini. Iwekeni kwenye simu kabla ya safari, kwa sababu kuiweka kunahitaji intaneti, na mfahamu kwamba nyingi hutoa data tu bila namba ya kupigiwa.

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou ana hesabu ya ziada. China imezuia WhatsApp, Facebook na huduma za Google, hivyo akinunua laini ya huko anaweza kujikuta hawezi kumtumia mshirika wake picha ya mzigo. Katika romingi ya kawaida, data hurudishwa kwanza kwenye mtandao wa nyumbani ndipo iingie kwenye intaneti. Kwa sababu hiyo programu hizo kwa kawaida hufunguka, japo kwa kasi ndogo. Kwake bei kubwa ya romingi huenda ikawa ndiyo nafuu. Katika Falme za Kiarabu, ujumbe wa WhatsApp hupita, lakini simu za sauti na video kupitia programu hiyo zimezuiwa kwa miaka mingi.

Usiiache laini ya nyumbani

Benki hutuma namba ya uthibitisho kwenye laini uliyoisajili. Msafiri aliyeing'oa laini hiyo anaweza kushindwa kulipa akiwa mbele ya muuzaji. Wengine humwachia ndugu laini ili awasomee namba hizo kwa simu. Tunalikataza jambo hili waziwazi: aliye na laini yako na namba zako za siri ana fedha zako, na ugomvi wa aina hiyo ndani ya familia ni mgumu kuutatua. Simu ya laini mbili hutosha. Data itoke kwenye laini ya ugenini. Laini ya Tanzania ibaki hewani kwa ajili ya ujumbe mfupi, data yake ikiwa imezimwa. Kwa kawaida kupokea ujumbe mfupi ukiwa nje hakutozwi, bali kupokea simu hutozwa. Hakikisha na mtoa huduma wako. WhatsApp ikikuuliza kama umebadili namba, jibu hapana, nayo itaendelea na namba yako ya zamani.

Ukitozwa usivyoelewa, piga picha ya kioo cha simu inayoonyesha salio, ujumbe wa makaribisho wenye bei, na tarehe na saa. Wasilisha lalamiko kwanza kwa mtoa huduma wako na udai namba ya kumbukumbu. Usiporidhika na jibu lake, au asipojibu, lilete kwa Mamlaka pamoja na namba hiyo na picha zako. Usizifute unaporudi.