Jina la Biblia katika nyumba isiyo na dini

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Blacktown, Sydney. Hatusali wala hatuendi kanisani, lakini tumelipenda jina Noah kwa mwanetu atakayezaliwa. Mama mkwe, aliyeko Mwanza, anasema tunachezea jina la nabii. Tuliache?

JIBU: Msiliache, dada yangu. Hapo New South Wales, Noah limekuwa miongoni mwa majina yanayoongoza miaka ya karibuni, ilhali katika sensa ya Australia ya 2021 karibu asilimia 39 ya watu walijitaja kuwa hawana dini. Mwalimu wa mwanenu hatamuuliza anasali wapi.

Uzito uko kwa bibi yake. Kwetu majina mengi ya aina hii yaliingia kwa ubatizo, na wapo walioyavua kwa sababu hiyo hiyo: mwandishi wa Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o, alianza kuandika akiitwa James, akaliacha jina hilo miaka ya 1970. Kwa hiyo mama mkwe hakosei kuona kuna jambo. Mpigieni simu, mume wako ndiye aanze, mumwambie wazi kwamba hamtambatiza mtoto, asije akalichukua jina kama ahadi. Kisha mwombeni achague jina la pili, la ukoo. Mkishajifungua mna siku 60 za kumsajili mtoto, muda wa kutosha kuelewana.

Mjue pia kwamba Tanzania Noah ni gari la abiria, na binamu zake watamtania. Hadithi ya safina msimulieni hata hivyo, ajue jina lake limetoka wapi.