Kutoka Matinyani Hadi Nairobi: Begi Gani Litalinda Simu na Pesa Zako?

Mteja wetu, kama uko na safari ya kutoka Matinyani kwenda Nairobi kununua bidhaa, begi lako linabeba vitu vitatu ambavyo mchopozi anavitafuta: simu, pesa taslimu na kitambulisho. Zamani mwizi wa mfukoni akichukua kibeti alipata kilichokuwa ndani ya kibeti, basi. Lakini tangu M-Pesa ianze hapa Kenya mwezi Machi 2007, simu imekuwa kibindo. Na tangu Agosti 2023, akaunti moja ya M-Pesa inaweza kushika hadi shilingi 500,000. Hakuna leso iliyowahi kufungiwa fundo kubwa hivyo.

Kwa hivyo somo letu la leo lina sehemu mbili. Kwanza, jinsi ya kuchagua begi linalomsumbua mwizi. Pili, jinsi ya kuhakikisha kwamba hata begi likienda, pesa hazifuati. Tunaomba usome zote mbili, maana wengi huishia ya kwanza.

Piga hesabu ya kilicho ndani

Tuchukue mfano. Mama mfanyabiashara wa Matinyani anaenda Gikomba kununua mitumba. Ana simu ya shilingi 12,000. Kwenye kibeti ana noti za 4,500. Kwenye akaunti ya simu kuna 26,000: yake ni 15,000, na 11,000 ni ya chama kwa sababu yeye ndiye mweka hazina. Juu ya hiyo, anaruhusiwa kukopa kwa simu hadi 5,000.

Mwizi akichukua begi bila kujua PIN, anapata simu na noti: 16,500. Inauma, lakini ina mwisho. Mwizi akiwa na PIN, anapata pia zile 26,000 na anaweza kukopa 5,000 kwa jina la mama huyu. Jumla 47,500. Tofauti ni shilingi 31,000, na katika hizo kuna 11,000 ambazo wanachama wenzake watazidai Jumapili wakikutana. Mkopo nao utakuwa wake kulipa.

Zipu ya begi inalinda zile 16,500. Hizo 31,000 zinalindwa na mazoea yako. Tuanze na zipu.

Jinsi ya kupima begi kabla ya kulinunua

Ukiwa Kitui mjini mbele ya kibanda cha mabegi, usiangalie rangi kwanza. Fanya majaribio haya papo hapo. Muuzaji mzuri hatakukataza.

*Mdomo.* Funga zipu mpaka mwisho, halafu jaribu kuingiza vidole viwili pembeni. Vikiingia, hata vya mchopozi vitaingia. Begi bora lina zipu inayofunga mdomo wote, na juu yake kifuniko kinachoangukia upande wa mwili wako. Begi lenye kishikizo cha sumaku peke yake ni la kanisani na harusini, si la steji.

*Mshipi.* Uwe mpana na mrefu wa kutosha kupita begani na kuvuka kifua. Angalia pale unaposhonwa kwenye begi: mshono uwe umerudiwa, ikiwezekana kwa alama ya X. Mshipi mwembamba hukatwa kwa wembe mara moja, na ule wa begani tu hunyakuliwa na mtu wa pikipiki kabla hujageuka.

*Kitambaa.* Kikunje kwa vidole. Turubai nzito au ngozi humchelewesha mwenye wembe. Nailoni nyepesi hupasuka kimya kimya, na utagundua ukifika nyumbani.

*Mfuko wa ndani.* Uwe na zipu yake, na uwe upande unaogusa tumbo lako. Hapo ndipo simu inapokaa. Mfuko wa nje ni wa leso, maji na karanga.

*Ukubwa.* Begi la vitu vya thamani liwe dogo, linaloenea chini ya sweta au kati ya mkono na mbavu. Nguo na mizigo viwe kwenye begi lingine. Ukiweka simu kwenye begi lile lile la nguo, utalifungua mara kumi njiani, na kila mara kuna jicho linaona simu iko wapi.

Yapo mabegi ya bei ghali yaliyotengenezwa hasa kuzuia wizi. Pacsafe, kwa mfano, hutia wavu wa nyaya za chuma ndani ya kitambaa na waya ndani ya mshipi ili wembe usipite. Ni mazuri, lakini huhitaji kulipa bei hiyo ndipo uwe salama. Na muuzaji akikusifia mfuko wa kuzuia RFID, jua kwamba huo ni wa kadi za benki zinazolipa kwa kugusishwa. Pesa unazotuma kwa menyu ya simu na PIN hazihusiki na mfuko huo.

Na kiondo je?

Ukambani hatuwezi kuzungumzia mabegi tukaruka kiondo. Kiondo cha mkonge ni imara, wembe hauupendi mkonge, na kinabeba mzigo ambao begi la dukani lingepasuka. Shida yake ni moja: mdomo uko wazi. Mtu akisimama karibu nawe kwenye foleni anaona kila kitu mpaka chini.

Dawa yake ni rahisi. Mpelekee fundi cherehani akushonee kitambaa cha ndani chenye zipu, au kinachofungwa kwa kamba kama mfuko. Kama hujafanya hivyo, kiondo kibebe sukuma wiki na unga, na simu ikae mwilini.

Mwilini nako kuna njia za tangu jadi ambazo bado zinafanya kazi. Akina mama hufunga noti kwenye pindo la leso. Wazee wengi wana mfuko wa siri ulioshonwa ndani ya kiuno cha suruali. Fundi akikushonea mfuko bapa wenye kifungo ndani ya sketi au suruali, una begi ambalo mchopozi hawezi kulifikia bila wewe kujua. Mfuko wa nyuma wa suruali usiuamini hata siku moja.

Wanapovizia

Wachopozi hawavizii barabara nzima. Wanavizia dakika chache ambazo macho na mikono yako iko kwingine. Katika safari hii dakika hizo ni nne.

1. *Mlangoni mwa gari.* Makanga watatu wanavuta mzigo wako, kila mmoja anataja gari lake, na nyuma kuna mtu anakusukuma ilhali gari bado lina nafasi. Msukumano bila sababu ni dalili. Rudi nyuma hatua mbili, kumbatia begi, waache wapite. Gari halitakuacha kwa hatua mbili.

2. *Wakati wa kulipa nauli.* Ukilipa kwa simu ndani ya matatu, jirani yako yuko karibu sana. Geuza simu kifuani, funika vidole, na usitamke PIN kwa sauti hata kama unaulizwa na mwanao. Bora zaidi, tenga nauli ya noti ndogo kwenye mfuko wa nje kabla hujaondoka nyumbani, ili begi lisifunguliwe kabisa.

3. *Dirishani, ukiingia Nairobi.* Gari likikwama kwenye msongamano, mkono unaweza kuingia dirishani na kutoka na simu. Ukikaribia mjini, funga dirisha au rudisha simu kwenye begi. Ujumbe wa WhatsApp utangoja.

4. *Ukishuka.* Magari mengi ya Ukambani huishia karibu na Machakos Country Bus, kwenye barabara ya Landhies, na Muthurwa na Gikomba haziko mbali. Hapo kuna mikokoteni, wachuuzi na watu wengi. Kabla ya kushuka, amua unaenda upande gani. Ukihitaji kupiga simu, ingia kwanza dukani. Akitokea mtu kuokota kitita cha pesa mbele yako akataka mgawane, endelea na safari yako.

Ukiwa ndani ya gari, begi dogo likae mapajani, mshipi ukiwa umevuka kifua. Usiliweke chini ya kiti wala kwenye keria. Na chakula au kinywaji cha mtu usiyemjua, kataa kwa heshima. Kuna abiria waliowekewa dawa wakaamka bila chochote.

Vitu vitatu visilale pamoja

Sasa tufike kwenye zile 31,000. Wateja wengi huweka kitambulisho nyuma ya simu, ndani ya kava. Ni rahisi, hakipotei. Lakini fikiria mwizi anapoishika simu hiyo. Ana laini yako, ana jina lako kamili, namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa. Namba nne za PIN zinaweza kupangwa kwa njia 10,000. Mwenye kitambulisho chako mkononi hahangaiki na zote hizo: anaanza na mwaka wako wa kuzaliwa. Na baadhi ya huduma za kubadilisha PIN iliyosahaulika huuliza mambo yale yale yaliyoandikwa kwenye kitambulisho.

Kitambulisho utakihitaji Nairobi, kwa sababu wakala atakiomba ukienda kutoa pesa. Kwa hivyo kibebe, lakini kikae mbali na simu. Simu kwenye begi, kitambulisho kwenye mfuko wa siri. PIN ikae kichwani peke yake: isiwe mwaka wa kuzaliwa, isiandikwe kwenye karatasi, isihifadhiwe kama jina kwenye orodha ya namba.

Kisha gawanya pesa. Watu wa Kitui wanajua: maji yote yakiwa kwenye mtungi mmoja, siku mtungi ukivunjika nyumba inalala na kiu. Pesa za chama zihamishie kwenye akaunti ya chama, au akiba isiyoguswa kwa PIN hiyo, kabla ya siku ya safari. Kwenye simu bakisha pesa za bidhaa. Ukifika Gikomba, mlipe muuzaji moja kwa moja kwa namba yake ya till badala ya kutoa noti nyingi na kutembea nazo.

Mwisho, funga laini yenyewe. Kwenye mipangilio ya usalama ya simu kuna sehemu ya kuwekea laini PIN yake. Ukiiwasha, mwizi akihamisha laini kwenye simu nyingine ataulizwa namba hiyo, na akikosea mara tatu laini itadai PUK. Kama hujawahi kuibadilisha, anza na ile iliyokuja na kadi ya laini, halafu weka yako, na kadi yenye PUK uiache nyumbani. Zima pia maandishi ya ujumbe yasionekane kwenye kioo simu ikiwa imefungwa, maana namba za uthibitisho za benki huja kwa ujumbe.

Begi likienda

Usimkimbize mwizi. Fuata mpangilio huu, haraka:

1. Omba simu ya mtu unayemwamini, au ingia kwa wakala aliye karibu. Piga namba ya huduma kwa wateja ya mtandao wako, omba laini na akaunti ya pesa vifungwe. Hili ni la kwanza kabla ya polisi na kabla ya nyumbani.
2. Piga benki kama programu yake iko kwenye simu.
3. Waarifu nyumbani na chama. Wezi hutuma ujumbe kwa jina lako wakisema, "Nimekwama, nitumie 2,000."
4. Nenda kituo cha polisi, upate hati ya upotevu, ile wengi huiita abstrakti. Polisi watataka IMEI ya simu.
5. Nenda na kitambulisho ukabadilishiwe laini. Hapa ndipo utafurahi kwamba hukukiweka kwenye kava.

Mtu akikupigia baadaye kwamba ameokota simu yako na anahitaji PIN ili kuhakikisha ni yako, huyo ndiye aliyenayo. Wafanyakazi wetu pia hawatakuuliza PIN, leo wala kesho.

Kazi ya leo jioni

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla hujalala, chukua daftari na kalamu:

- Bonyeza *#06# na uandike IMEI, ile namba ya tarakimu 15.
- Andika namba ya huduma kwa wateja ya mtandao wako na ya benki.
- Kariri namba moja ya mtu wa nyumbani. Moja tu, lakini bila kuangalia.
- Toa kitambulisho kwenye kava ya simu.
- Kama PIN yako ni mwaka wa kuzaliwa, ibadilishe sasa.

Daftari libaki nyumbani na mtu atakayepokea simu ukimpigia kutoka Nairobi. Kazi yote haizidi robo saa, na haihitaji begi jipya. Safari njema.