UCHUMI WA MAENDELEO: SOMO LA NANI?

Mimi ni mwanachama wa zamani wa chama hiki cha Kiswahili, na kwa sasa ninasomea shahada ya uzamili katika uchumi wa maendeleo. Mwalimu mlezi ameniomba niwaandikie somo fupi kuhusu masomo hayo. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, maana wengi wenu mkisikia "uchumi" mnafikiria benki na bei ya dola tu. Wengine huniuliza, "Kwani hayo mambo yatakuajiri wapi?" Swali hilo si la kudharau, hasa kwa mtoto ambaye kwao ng'ombe ameuzwa ili yeye asome. Nitalijibu kabla sijaweka kalamu chini.

1. MAANA YA SOMO

Uchumi huchunguza jinsi watu wanavyotumia kidogo walicho nacho. Uchumi wa maendeleo huuliza swali gumu zaidi: kwa nini mtu huamka alfajiri, akalima mpaka jua likachwa, na bado akabaki maskini? Na ni kitu gani hasa kitakachomtoa hapo?

Arthur Lewis, mzaliwa wa kisiwa cha Saint Lucia, alieleza mwaka wa 1954 jinsi nchi maskini inavyoweza kukua wafanyakazi wakihama kutoka mashamba madogo kwenda viwandani. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1979. Naye Amartya Sen wa India, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1981, alionyesha kwamba njaa inaweza kuua watu hata pale chakula kipo, ikiwa maskini hawana uwezo wa kukipata. Yeye alituzwa mwaka wa 1998. Kwa hiyo mnaona, somo hili si la matajiri. Linawahusu watu wa kwetu.

2. WASTANI HUFICHA WATU

Hebu tufanye hesabu kidogo. Kijiji kina nyumba kumi. Nyumba tisa hupata shilingi 10,000 kila moja kwa mwezi, na nyumba ya kumi hupata shilingi 210,000. Jumla ni shilingi 300,000. Ukigawa kwa kumi, wastani ni shilingi 30,000. Haya, niambieni, ni nani pale kijijini anayepata shilingi 30,000? Hakuna hata mmoja!

Mwaka unaofuata yule tajiri anapata shilingi 310,000. Wastani unapanda hadi 40,000. Mtu aliye ofisini anaandika, "Kijiji kimeendelea sana." Nyumba tisa hazijasonga hata hatua.

Jambo hili si mchezo. Mwaka wa 2014 hesabu za pato la taifa letu zilifanywa upya, likapanda kwa takriban asilimia 25, na Kenya ikahesabiwa kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini. Hesabu mpya ilikuwa ya haki, kwa sababu ilijumlisha shughuli ambazo hapo awali hazikuhesabiwa vizuri. Lakini siku ile hakuna sufuria iliyoongezewa ugali. Ndiyo sababu, tangu mwaka wa 1990, Umoja wa Mataifa hutumia pia kipimo kinachochanganya mapato, elimu na umri wa kuishi.

Wastani ukitumiwa vibaya huumiza. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka wa 1965 ulishauri fedha za maendeleo ziwekwe mahali ambapo zingezaa zaidi. Kwa hesabu ya taifa zima, wazo hilo linaeleweka. Lakini kwa mtoto wa sehemu kame, maana yake ilikuwa kungoja barabara, maji na shule kwa miaka mingi. Katiba ya mwaka wa 2010 ilianzisha hazina maalum ya kusawazisha maeneo yaliyoachwa nyuma. Mnaona basi, sentensi moja kwenye karatasi inaweza kuamua nani atasoma na nani atachunga.

3. VITABU VYA BUSIA

Tunajuaje kwamba msaada fulani unasaidia kweli? Katika miaka ya tisini watafiti walifanya kazi katika shule za msingi za Busia. Kulikuwa na shule 100, na mwaka wa 1996 shule 25 kati yake zikapewa vitabu vya kiada. Zilizobaki zikawa za kulinganishia. Mgao haukufuata urafiki wala mapendeleo. Ukichagua shule nzuri tu, utasifu vitabu kwa kazi iliyokuwa imefanywa na walimu bora.

Matokeo yalishangaza wengi. Kwa jumla alama hazikupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Kwa nini? Watafiti walieleza kwamba vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto wale kilikuwa lugha ya tatu. Kitabu kilifika dawatini, lakini hakikufika akilini. Michael Kremer, mmoja wa watafiti hao, alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa utafiti wa namna hiyo.

4. KISWAHILI KINAINGIAJE HAPO?

Kinaingia kwa mlango wa mbele. Mtafiti huanza kwa kuuliza, "Nyumba hii ina watu wangapi?" Mama mmoja atahesabu walio chini ya paa lake. Mwingine atamtia mwanawe aliye Nairobi, kwa sababu ni wa nyumba yake. Wa tatu atahesabu boma zima. Majibu hayo hayawezi kulinganishwa. Lakini ukiuliza, "Ni watu wangapi wanaokula chungu kimoja?", mambo yanakuwa wazi. Msidanganyike, basi, ati Kiswahili ni cha kupita mtihani tu. Swali likiharibika, hata kompyuta kubwa namna gani haitaliponya.

5. NJIA YA KUFIKA

Kwanza, msiikimbie hisabati. Najua wengine mmeshaipa kisogo! Pili, tafuta shahada ya kwanza katika uchumi, takwimu au hisabati. Uzamili kwa kawaida huchukua kama miaka miwili: kwanza madarasa ya nadharia na takwimu, kisha tasnifu. Hata hapa Afrika masomo haya yapo. Muungano wa utafiti wa uchumi wa Afrika, wenye makao yake Nairobi, ulianzisha mwaka wa 1993 mpango wa uzamili unaoshirikisha vyuo vikuu vya nchi mbalimbali.

Na ajira? Sitawadanganya, kazi hazikungoji langoni. Hata hivyo watu wa fani hii huhitajika katika idara za takwimu, wizara, serikali za kaunti, benki na vituo vya utafiti. Karo ni nzito, kwa hiyo wengi hufanya kazi kwanza au hutafuta ufadhili. Ukiona nyumbani hali ni ngumu, kungoja mwaka mmoja au miwili si aibu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

6. ZOEZI

(a) Katika kijiji chetu cha nyumba kumi, ni kiasi gani kinachoeleza vizuri maisha ya wengi: 10,000 au 30,000? Toa sababu.
(b) Shule yenu imepewa shilingi 100,000. Mtajuaje baada ya mwaka kama zimesaidia, na zimemsaidia nani?
(c) Tunga swali moja la Kiswahili la kumuuliza mkulima kuhusu mapato yake bila kumwaibisha.

Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote, na hata sisi wa uzamili hutukosesha usingizi. Mwenye jibu zuri amkabidhi mwalimu mlezi, nami nitalisoma kwa hamu. Nawatakia masomo mema.