Boti Nyepesi, Upepo Mkali: Vidokezo 12 kwa Mvuvi wa Ziwa Kitangiri

Mtu wa Kinyangiri hahitaji kufundishwa upepo. Kiangazi kikikolea wilayani Mkalama, upepo wa mashariki hupiga kutwa, na mkoa wa Singida umesifika kwa upepo huo hadi ukapangiwa miradi ya kuzalisha umeme. Ila upepo uleule unaosaidia kupepeta mtama hugeuka adui pale unaposhuka kwenda kuvua perege na kambale katika Ziwa Kitangiri.

Ziwa hili lina tabia yake. Hupokea maji ya Mto Wembere na kuyatoa kupitia Mto Sibiti kuelekea Ziwa Eyasi, na kina chake ni kifupi. Wengi hudhani maji mafupi ni maji salama. Sivyo: upepo ukipiga maji ya kina kifupi, mawimbi huwa yamesimama wima na hufuatana karibukaribu, moja likipita jingine limeshafika.

Boti nyepesi ya alumini nayo ina tabia yake. Ya futi 12 huwa na uzito wa kilo 60 hadi 100 hivi, kwa hiyo watu wawili huivuta hadi majini bila taabu, na mashine ndogo huisukuma kwa mafuta kidogo. Wepesi huohuo ndio unaoifanya ipeperushwe kama pumba. Mtumbwi mzito wa mbao huzama kidogo ukashika maji, lakini boti hii hukaa juu juu, ubavu wote ukiwa wazi kwa upepo.

Vidokezo hivi vina shabaha moja: upambane na upepo wakati ungali na nguvu, na ukupeleke nyumbani wakati umechoka.

1. Pima upepo ukiwa bado kijijini

Mwaka 1805 baharia Mwairishi Francis Beaufort alipanga viwango vya upepo kwa dalili zinazoonekana kwa macho, na baadaye vikaongezewa dalili za nchi kavu. Majani yakitikisika bila kutulia, upepo una kasi ya kilomita 12 hadi 19 kwa saa. Boti ndogo inavumilia. Vumbi na karatasi zikianza kupeperuka barabarani, umefika kilomita 20 hadi 28, na ziwani povu jeupe limeshatanda juu ya mawimbi. Asiye na uzoefu abaki nyumbani. Miti midogo ikiyumba yote, ni kilomita 29 hadi 38, na hapo hata mzoefu aahirishe. Usisahau hesabu hii: kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne.

2. Sikiliza utabiri, kisha uutii

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) husomwa redioni kila siku. Ukisikia onyo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, usitafute sababu ya kwenda. Julai 18, 2012, MV Skagit, meli ya abiria iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali na mawimbi makubwa. Kama meli ilishindwa, boti ya futi 12 itaweza wapi?

3. Utulivu wa ufukweni usikudanganye

Upepo wa mashariki hushuka ziwani ukitokea nyanda za juu za Iramba. Ukiwa kwenye mwalo wa upande huo, nchi kavu inakukinga, na maji yaliyo mbele yako yanaonekana shwari. Mawimbi hukua kadiri upepo unavyosafiri juu ya maji, kwa hiyo shwari hiyo inaishia mita mia chache kutoka hapo. Tazama mbali, si miguuni pako. Ukiona mstari wa weupe katikati ya ziwa, ndiyo hali itakayokupokea. Upepo wa namna hii una hila nyingine: mashine ikizima, unakusukuma mbali na nyumbani.

4. Anza safari kwa kwenda kinyume cha upepo

Inapowezekana, chagua eneo la kuvua lililo upande upepo unakotoka. Kwenda kutakuwa kugumu, lakini ungali na nguvu na tangi limejaa. Kurudi, upepo utakusaidia, hata ukibaki na kasia peke yake. Kama mwalo wako hauruhusu hivyo, basi usiende mbali na ufukwe. Mafuta yagawe mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la akiba ambalo haliguswi.

5. Vaa jaketi la kuokolea kabla ya kusukuma boti

Jaketi lililokunjwa chini ya kiti halimwokoi mtu. Boti nyepesi hupinduka kwa sekunde chache, na hakuna anayefunga vifungo vya jaketi akiwa ndani ya mawimbi. Kila mtu awe na la saizi yake, na vifungo vyote vifungwe. Kama mashine yako ina kamba ya kuizima, ifunge kwenye mkono. Ukidondoka majini, mashine izime palepale, isikuache wala isikurudie na pangaboi linazunguka.

6. Funga madumu matupu chini ya viti

Hapa ndipo alumini inapotofautiana sana na mbao. Mtumbwi wa mbao ukijaa maji mara nyingi hubaki ukielea. Boti ya alumini isiyo na povu la kuelea ndani ya viti vyake huenda chini. Fanya hesabu: boti ya kilo 80 ikiwa chini ya maji hubaki na uzito wa kama kilo 50, na mashine ndogo huongeza kilo 25 hivi. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa barabara hubeba karibu kilo 19. Kwa hiyo madumu 5 au 6 yanatosha kuizuia boti isizame, ili mpate kitu cha kushikilia. Yagawe sawa kulia na kushoto, uyafunge kwa kamba imara, na ukague vizibo kila mara.

7. Peleka uzito mbele, na uweke chini

Mashine iko nyuma, nahodha yuko nyuma, tangi la mafuta liko nyuma. Matokeo yake mbele ya boti hunyanyuka, upepo ukaingia chini yake na kuizungusha. Sogeza tangi na sanduku la samaki katikati, mwenzako akae mbele ya katikati. Ukiwa peke yako, weka mbele dumu lililojaa maji na ulifunge lisiteleze. Maji ni bora kuliko mawe, kwa sababu boti ikijaa, dumu la maji haliivuti chini. Na kila mtu akae. Kusimama ndani ya boti nyepesi wakati wa upepo ni kuomba ipinduke.

8. Kata wimbi kwa mshazari, taratibu

Ukilivaa wimbi fupi moja kwa moja kwa kasi, boti inaruka na kutua kwa kishindo, na wimbi la pili linakumwagikia ndani. Ukilipa ubavu, linakupindua. Njia ya kati ni kulikata kwa mshazari, mbele ya boti ikiwa imeelekea upepo kidogo upande, mashine ikinguruma taratibu kiasi cha kuifanya boti ikutii. Ukitaka kugeuka, usigeuke ovyo. Hesabu mawimbi, subiri kundi kubwa lipite, kisha geuka upesi katika nafasi inayofuata.

Upepo ukiwa mgongoni, raha yake ina hatari. Wimbi huinua nyuma ya boti, mbele ikachimba maji, na boti ikageuka ubavu ghafla. Rudisha uzito nyuma kidogo, punguza mafuta, na kaa mgongoni mwa wimbi lililo mbele yako bila kulipita.

9. Nanga itoke mbele, kamba iwe ndefu

Usifunge nanga nyuma hata kama unavua kwa dakika chache. Nyuma ndiko kuliko kufupi na kuzito, na wimbi huingilia huko. Funga mbele, na uteremshe kamba yenye urefu wa mara 5 hadi 7 ya kina cha maji. Kwenye kina cha mita 3, hiyo ni mita 15 hadi 21. Jiwe huteleza juu ya tope. Nanga ya chuma yenye makucha huchimba na kushika. Ukiongeza mita mbili za mnyororo kati ya nanga na kamba, nanga hulala vizuri na kushika zaidi.

Ukipenda kuvua huku ukielea, funga mbele ndoo iliyotobolewa au gunia lililoachwa mdomo wazi, ulitupe majini. Litapunguza kasi ya kuchukuliwa na upepo na kuielekeza mbele ya boti upande unaotakiwa.

10. Vuta nyavu ukielekea upepo

Anza kuvuta kutoka mwisho ulioko upande upepo unakoelekea, ukipanda taratibu kuufuata wavu kinyume cha upepo. Wavu wenyewe utakuwa unaishikilia boti kwa mbele. Ukivuta kwa kufuata upepo, boti itaupanda wavu na pangaboi litaumeza. Vuta kutoka mbele, si ubavuni, na watu wawili wasiinamie upande mmoja kwa wakati mmoja. Chukua pia upondo: kwenye maji mafupi ya Kitangiri huo ndio usukani wako mashine ikizima. Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo, basi beba na makasia mawili, na kopo la kukumbia maji lililofungwa kwa kamba lisichukuliwe na wimbi.

11. Ona wingu, ondoka

Mvua za Singida hunyesha Novemba hadi Aprili hivi, na huja na upepo wa ghafla zaidi kuliko ule wa kiangazi. Wingu jeusi likijenga kimo, kisha ukahisi ubaridi ukikupiga usoni katikati ya joto, dakika zako ni chache. Hesabu sekunde kati ya mwako wa radi na ngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, uwe umeshaondoka majini. Usishikilie kurudi kwenye mwalo ulikotoka. Elekea ufukwe wowote ulio karibu na salama. Wavu ulioachwa utafuatwa kesho.

Unapofika ufukweni mawimbi yakiwa nyuma yako, punguza mwendo, inua mashine dakika ya mwisho, na ushuke upande wa ziwa. Mtu asisimame kati ya boti na nchi kavu, wimbi likaja kumbamiza miguu. Kisha ivute hadi juu, uipindue kifudifudi na kuifunga, maana ikiwa tupu upepo huweza kuibeba hata ufukweni.

12. Acha taarifa, na mkubaliane la kufanya boti ikipinduka

Kabla ya kuondoka, mwambie mtu wa mwaloni na mtu wa nyumbani unaelekea wapi na utarudi saa ngapi. Simu iweke ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mara mbili, na namba ya Zimamoto na Uokoaji, 114, kila mmoja ndani ya boti aijue kwa kichwa. Kisha kubalianeni kabisa: boti ikipinduka, hakuna anayeogelea kuifuata nchi kavu, hata ikionekana karibu. Wote washike boti, wahesabiane kwa majina, na wakae pamoja. Boti inayoelea huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu, na anayekutafuta ataanzia pale ulipomwambia unakwenda.