Nati za Vespa zilizoshikwa na kutu

Swali: Vespa yangu hulala nje, Michenzani. Nati za gurudumu la nyuma zimeshikana kwa kutu, na fundi ataka kuzichoma moto. Nimruhusu?

Jibu: Usimruhusu, ndugu yangu. Tairi lenye upepo likipashwa moto laweza kupasuka, na tangi la petroli halipo mbali. Toa upepo wote kwanza. Rimu ya Vespa za zamani ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa nati zake zenyewe. Ukizifungua hizo kwa makosa tairi likiwa limejaa, vipande huruka kwa nguvu ya kuumiza mtu.

Kisha sugua nyuzi kwa brashi ya waya, tia mafuta ya kulainisha kutu, uache mpaka kesho. Kwa chumvi ya hewa yetu ya pwani, saa moja haitoshi. Gonga nati taratibu kwa nyundo, utie mafuta tena.

Tumia spana ya duara yenye pembe sita. Ya mdomo wazi hula pembe za nati. Mtu akanyage breki. Kaza kidogo ndipo ulegeze, ukivuta spana upande wako, maana ukisukuma ikachomoka, vidole ndivyo vitakavyogonga chuma. Usiongeze bomba refu kwenye mpini wa spana: bolti hukatika. Nati zilizolika usizirudishe, nunua mpya.