Tuisome Ramani ya Nairobi

Wengi wetu hapa Sigor tukishamaliza kidato cha nne tutapanda gari, tupitie Narok, tuteremke Nairobi kutafuta chuo au kibarua. Na mjini humo mgeni anayeulizauliza njia ovyo ndiye chakula cha matapeli. Kwa hivyo nimeonelea tuifungue ramani pamoja kabla ya safari.

Anza na stesheni ya reli, kwa maana mji wenyewe ulianzia hapo. Reli kutoka Mombasa ilifika mwaka wa 1899, na wajenzi wakaweka kituo kwenye tambarare ile kabla ya kupanda milima ya Ukikuyu. Ukiipa stesheni mgongo, barabara inayoanzia mbele yako ni Moi Avenue. Zamani iliitwa Government Road, basi usibishane na babu akikuelekeza hivyo. Ishike kichwani kama uti wa mgongo. Kulia kwake kuna Tom Mboya Street, halafu River Road: huko ni matatu, makelele na bei nafuu. Kushoto ni maofisi na mabenki mpaka Uhuru Highway.

Kenyatta Avenue inatoka Moi Avenue kwenda Uhuru Highway. Ni pana ajabu, ati ili gari la kukokotwa na maksai wengi liweze kugeuka. Sisi tunaolima kwa maksai hatushangai! Kwanza ilikuwa Sixth Avenue, ikawa Delamere Avenue, na baada ya uhuru ikapewa jina la Mzee.

Wajapani wana mtindo wao. Katika Tokyo barabara nyingi hazina majina kabisa. Nambari hupewa vipande vya ardhi. Sapporo nao huhesabu: kipande cha ngapi kaskazini, cha ngapi magharibi. Sisi majina tunayo vibaoni lakini hatuyatumii. Utaambiwa tu, "Shuka Archives, vuka, uliza Ambassadeur." Kwa hivyo jifunze majengo pia.

Sasa tazama nje ya katikati ya mji. Hapa ndipo ramani inaposema mengi. Wakoloni waligawa mji kwa rangi: Wazungu magharibi na kaskazini penye miinuko na viwanja vikubwa, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika mashariki kule Pumwani na, katika miaka ya 1940, Kaloleni. Ubaguzi huo uliondoka katika sheria, lakini linganisha Muthaiga na Pumwani leo uone nyumba zilivyobanana. Siku hizi pesa ndizo zinazogawa. Hata ile barabara ya juu ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa mwaka wa 2022, ni ya mwenye kulipa. Asiye na kitu abaki chini kwenye foleni.

Ramani niliyoichora, yenye majina ya zamani na ya sasa, imebandikwa ukutani katika chumba cha Chama cha Kiswahili. Njoo na kalamu uinakili kabla shule haijafungwa.