Ngozi Ikibadilika Ghafla: Tupime Kwanza, Krimu Baadaye

Mlaji wa Mwamapalala, kama wa kwingineko nchini, akiona weusi au upele asioufahamu, aghalabu huelekea dukani au mnadani kutafuta krimu. Mara nyingi chanzo huwa ni jua, fangasi au mzio. Hata hivyo, ngozi huweza kubadilika kwa sababu ya saratani iliyojificha ndani ya mwili. Hapo krimu hufunika dalili, na ugonjwa huendelea. Tunamsihi mlaji azitambue dalili nne.

Kwanza, weusi mnene, laini kama mahameli, shingoni, kwapani au kinenani. Kwa wengi huambatana na unene au kisukari. Ukimtokea ghafla mtu mzima anayekonda, au ukienea viganjani na midomoni, yafaa tumbo lichunguzwe.

Pili, macho na ngozi kuwa vya manjano, pamoja na mkojo wa rangi ya chai na kinyesi cheupe. Huenda ni homa ya ini. Huenda pia ni uvimbe wa kongosho ulioziba njia ya nyongo. Kutosikia maumivu si dalili ya usalama.

Tatu, upele wa zambarau kwenye kope na vifundo vya vidole, pamoja na udhaifu wa mabega na mapaja. Katika ngozi nyeusi, rangi hiyo huonekana kama weusi uliokolea, hivyo hupuuzwa kwa urahisi.

Nne, muwasho wa mwili mzima usio na upele, unaodumu kwa wiki kadhaa, hasa ukifuatana na homa, kukonda na jasho jingi la usiku. Huweza kutokana na ini, figo au saratani ya matezi.

Dalili hizi si hukumu. Ni sababu ya kupimwa mapema. Mlaji aanzie zahanati au kituo cha afya, aeleze mabadiliko yalianza lini, na ataje kila krimu aliyopaka. Anayo haki ya kuuliza kipimo ni cha nini na gharama yake ni kiasi gani. Atunze risiti na majibu. Rufaa ikihitajika, huduma za saratani hupatikana katika Hospitali ya Bugando, Mwanza.

Aidha, vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Tangu 2019, vipodozi husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Krimu isiyoonyesha viambato vyake isinunuliwe, hata ikiwa bei yake ni nafuu.